Mchanga wa Mbeere Kwenye Kebo ya Spidi

Wawira, binti yangu, mama yangu mdogo,

Kesho unaenda Meru kusomea uuguzi, na mimi ninajijua. Asubuhi nikikuona na sanduku mlangoni nitaanza mzaha. Nitauliza kama umebeba nyumba yote au umetuachia angalau paa. Nitacheka kuliko wote, halafu utaondoka, na neno nililotaka kukuambia litabaki kooni kama mfupa. Kwa hivyo nimeamua kuliandika. Vumilia mwandiko. Mkono uliotoka kukamua ng'ombe hauna adabu kwenye karatasi.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kutokopesha watu nguo, mama yako ameshakuambia, na kesho atakuambia tena ukidhani amemaliza. Mimi nina jambo moja tu. Nimetengeneza mshale wa spidi wa pikipiki. Hautikisiki tena. Na katika kuutengeneza nimejua kwamba zile Jumamosi zako za mazoezi ya kwaya ulikuwa unateremka hadi Mbeere, kwa baba yako mdogo Ireri, kumwona cucu wako. Mama yangu. Ukifika Kianjokoma, penye kanisa, ulikuwa unafungua kebo ya spidi pale gurudumuni ili kilomita zisihesabiwe, na ukirudi unaifunga tena hapo hapo, kisha unakuja nyumbani ukiimba.

Haya. Nimeandika haraka kabla moyo haujanishika mkono. Usije kuniamsha. Soma kwanza.

Unanijua mimi na ile mita. Wanaume wengine wakifika nyumbani huangalia watoto. Mimi huangalia kilomita. Nilianza kwa ajili ya kubadilisha oili, ikawa ugonjwa. Kila jioni, kabla sijavua gambuti, nainama naisoma, na namba hiyo nalala nayo. Ndiyo maana ulipoanza kuniomba pikipiki Jumamosi nilikuwa nakupa ufunguo bila maswali. Nilijua nina askari wangu pale kwenye usukani, na askari alikuwa ananiletea ripoti tamu: kutoka hapa hadi kanisani na kurudi, kilomita zile zile, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilijivuna, Wawira. Pale tunapopimia maziwa niliwaambia wanaume, "Nyinyi wasichana wenu mnawafuata kwa simu. Mimi wangu namfuata kwa mita. Hapitishi hata futi moja!" Walicheka sana. Sasa najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wamekuona ukipita Embu mjini ukielekea chini, vumbi nyuma yako, na kumbe walikuwa wanacheka kitu kingine kabisa.

Mshale ulianza kutikisika wakati wa mvua. Nilikuwa napanda kutoka Kibugu na mikebe imejaa maziwa, gia ya kwanza, kuku ananipita kando ya barabara, na mshale unacheza kati ya ishirini na themanini kama mkia wa mwanambuzi anayenyonya. Kwanza nililaumu barabara. Nikalaumu tairi, nikaongeza upepo, nikapunguza, nikaongeza tena. Nikalaumu mita yenyewe, nikawa naigonga kiooni kwa kidole kama mgeni anayebisha hodi. Mshale ulikuwa unatulia kidogo, kwa heshima, halafu unarudia ngoma yake.

Mwisho nikamlaumu Njagi.

Sasa Njagi ni rika langu. Tulipelekwa mtoni kutahiriwa asubuhi moja tukiwa vijana, tukaugulia kibanda kimoja, tukaambiwa na waliotulea pale ndani kwamba kuanzia siku hiyo mmoja akianguka wote wameanguka. Unajua jinsi sisi watu wa rika moja tunavyotusiana. Naweza kumwambia Njagi kichwa chake ni kama boga la mwaka jana, mbele ya mchungaji, na hakuna kosa. Lakini kuna kitu kimoja hakifanywi: humwiti mwenzako mwongo mbele ya vijana. Ukifanya hivyo unachinja mbuzi, rika linakuja, mnakula, ndipo mambo yanaisha. Mimi nikaenda gereji kwake Kianjokoma, vijana wake wote wamechuchumaa pale na spana, nikasimama katikati kama mhubiri wa sokoni.

"Ulipobadilisha tyubu ya mbele uliharibu habu ya gurudumu," nikasema. "Na ulijua. Ukanyamaza."

Njagi akajifuta mikono polepole. "Njeru, pikipiki hii nimekutengenezea tangu ukiwa na nywele."

"Usinicheke. Umenidanganya."

Wale vijana wakaacha kazi.

"Hiyo ni mbuzi," Njagi akasema. "Mmesikia nyote. Hiyo ni mbuzi, na sitaki kale ka mkia mfupi. Sasa lete nione." Akachuchumaa gurudumuni, akaangalia pale kebo inapoingia. "Hii skrubu, nani anaifungua?"

"Si wewe!"

"Mimi nafungua skrubu kama fundi. Hii imefunguliwa na mtu anapika. Angalia vile kichwa kimekwaruzwa. Hii ni kisu."

Nikamwambia aache hadithi, nikawasha pikipiki, nikaondoka na hasira yangu na mshale wangu. Njiani niliona spidi ya tisini. Hasira yangu ilikuwa tisini kweli. Pikipiki nadhani ilikuwa thelathini.

Na sasa tunafika mahali ambapo kila nikipakumbuka nakuna kichwa. Jioni ile niliamua nitaitengeneza mwenyewe. Jua lilikuwa limeshatua nyuma ya majani chai, ukaja na tochi bila kuitwa. Mtoto mzuri. Nikatoa kebo, nikavuta ule waya wa ndani, mrefu, umeshikana na uchafu.

"Pengine ni kavu tu, baba," ukasema.

"Unadhani?"

"Eeh. Weka grisi."

"Au ni mita?"

"Inaweza kuwa mita pia," ukasema, na ile tochi yako haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa imara kuliko mshale.

Wawira! Ulinishikia tochi nikitafuta kosa lako mwenyewe. Ulinipa na kitambaa nijifute. Nimeishi na watu walionidanganya, hata ndugu, lakini hakuna aliyewahi kunimulikia.

Nilipaka grisi waya wote, kutoka chini mpaka ncha ya juu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta siku ya ubatizo. Kesho yake mshale ulipanda hadi arobaini ukakataa kushuka. Pikipiki imesimama zizini, injini imezimwa, ng'ombe anacheua kando yake, na mita inasema tunakimbia arobaini. Mama yako alipita na ndoo akaangalia, akasema, "Leo Baba Wawira amefika mbali."

Ilibidi nirudi kwa Njagi. Kurudi kwa mtu ambaye ulimtukana na bado hujamchinjia ni kazi ngumu kuliko kusukuma pikipiki hadi kwake, na nilifanya zote mbili kwa sababu petroli iliniishia kona ya mwisho. Aliniona kwa mbali. Hakunisaidia kusukuma.

"Mbuzi iko wapi?" akauliza.

"Inakuja."

"Inakuja kwa miguu ama inangojea spidi yako ipone?"

Alipofungua mita na kuona grisi ilivyopanda hadi ndani, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia grisi hupanda na waya ukizunguka, kama moshi kwa bomba, ndiyo sababu sehemu ya juu, upana wa kiganja hivi, huachwa kavu. Kitu nilichodhani ni dawa ndicho kilichofanya mgonjwa azimie. Wewe unayeenda kujifunza kutibu watu, huo mzaha nakuachia bure.

Alipomaliza kuisafisha mita, akaiweka kando. Akafungua kebo kwa juu, tukainua gurudumu la mbele kwa kipande cha mbao, akaniambia nilizungushe kwa mkono huku nikiangalia ncha ya waya pale juu. "Ikizunguka laini, ugonjwa uko kwa mita. Ikirukaruka, ugonjwa uko chini." Nikazungusha. Ule waya ulisita, ukaruka, ukasita tena. Siku zote hizo nimekuwa nikigonga kioo, na aliyekuwa anaumwa ni gurudumu.

Akautoa waya, akaubingirisha juu ya meza ya bati. Waya mzuri hubingirika kama penseli. Wetu ulikuwa unaruka katikati kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu ulikuwa umekunjwa pale. Umekunjwa na nani? Na mtu aliyekuwa akiuchomoa na kuufunga pembeni na kamba, kila mara mahali pamoja. Ncha yake ya chini, ambayo ni ya mraba ili ishike vizuri, ilikuwa imelika ikawa mviringo. Halafu akafungua habu. Ndani ya grisi nyeusi kulikuwa na kitu kinachometa.

"Hii ni nini?" Njagi akasema. "Hii haijatoka huku."

Nikachukua kidogo nikasugua kati ya vidole.

Huku kwetu udongo ni mwekundu, unajua, unashika kama unga wa ugali, unachafua mpaka roho. Hauna chembe. Hiki kilikuwa mchanga. Mweupe, mkali, na vile vipande vidogo vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Wawira, huo mchanga ningeujua hata nikiwa kipofu. Nimekua ndani yake. Wakati wa kiangazi mto wa kule chini hukauka ukabaki kitanda cha mchanga mtupu, na mama yangu alikuwa anapiga magoti katikati ya mto, anachimba kwa kibuyu mpaka mkono wote unaingia, anangoja. Maji yanatokea polepole, yana rangi ya maziwa. Kibuyu cha kwanza alikuwa anampa mbuzi mwenye mtoto. Cha pili ni changu. Nikimaliza kunywa ananifuta mdomo kwa kiganja chake, na mchanga unanikwaruza, na mimi nalalamika, na yeye anacheka.

Nilisimama pale gerejini nikisugua vidole. Skrubu iliyokwaruzwa kwa kisu. Kisu cha jikoni chenye ncha iliyopinda, ambacho mimi na wewe, wewe!, tulimlaumu mama yako kwamba alikitumia kufungulia mkebe. Kebo inayofunguliwa mara kwa mara. Mchanga wa Mbeere. Kwaya.

Njagi aliniangalia, akaelewa kwamba nimeelewa. Rika ni rika. Alisema tu, "Kebo mpya iko kwa duka la spea hapo mbele. Nenda ulete. Nitanyamaza mpaka urudi," na kwa Njagi kunyamaza ni zawadi kubwa.

Nyumbani nilimkuta mama yako akikata napia ya ng'ombe.

"Mama Wawira, huyu msichana anaenda wapi Jumamosi?"

Hakuinua kichwa. "Nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Baba Wawira, mtoto anatoka kwaya na kilo mbili za ndengu. Kwaya gani inapanda ndengu?"

"Alisema amenunua sokoni!"

"Na ukazila. Ukasema, hizi ni tamu kama za kwetu."

Nikakaa juu ya mkebe. Nikamuuliza na petroli je, maana mara nyingi nilikuwa nimesifu vile pikipiki yetu haili mafuta. Hata nilimwambia Njagi injini ile ni ya baraka. Mama yako akaacha panga. Nadhani hapo alinihurumia. "Ireri humjazia tangi kabla hajaondoka," akasema.

Kwa hivyo nimekuwa nikibeba maziwa kwa petroli ya Ireri. Nimeshiba ndengu za Ireri. Katika boma hili lote waliokuwa hawajui ni mimi na ng'ombe, na ng'ombe simwamini tena.

Acha mzaha sasa. Imeniuma. Nikikuficha hilo nitakuwa nafungua kebo kama wewe. Imeniuma mahali pale pale palipokuwa na kidonda, na wewe ulikuwa unajua pale pana kidonda kwa sababu ulikuwepo.

Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Baba yangu alituachia shamba hapa juu na jingine kule chini. Hapa juu palikuwa pangu, na kule chini tulikuwa tugawane, mimi na Ireri, alisema hivyo kwa mdomo wake. Ireri akasema, wewe una chai, mimi nina jua, kule chini kote ni kwangu. Sikukataa kuzungumza. Nikasema waitwe wazee wa ukoo. Na Ireri akanitumia neno kwamba wazee watakutana wiki inayofuata. Sijui ni nini kilinifanya niende wiki ile ile, kabla ya siku yenyewe, nilikuwa napelekea mama sukari na majani chai, nimekubeba mbele kwenye tangi. Tukakuta watu chini ya kivuli cha ghala, mbuzi ameshaliwa. Umesahau yule mbwa? Alikuwa na mfupa wa paja. Sisi, jambo likishaliwa mbuzi limekwisha; atakayelifungua tena anafungua matumbo ya watu. Walikula bila mimi ili nisiwe na mdomo wa kusema.

Ireri hakuniuma sana. Ndugu anaweza kukunyang'anya. Hiyo ni habari ya kila kilima. Aliyeniuma ni mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando, na aliponiona nikishuka, alijifuta mdomo. Kwa kile kiganja.

Basi. Niliweka sukari chini, nikageuza pikipiki, na tangu siku hiyo sijakanyaga mchanga ule. Katika nyumba yangu jina la Ireri likawa kama sahani iliyopasuka: kila mtu anajua iko, hakuna anayeitoa kabatini. Nilidhani nimelifanya hilo kwa ajili yetu sote. Nilidhani uko upande wangu, Wawira, kwa sababu ulikuwa kwenye tangi langu siku ile. Ndiyo maana niliposugua ule mchanga, nilihisi kama nimefika tena, mbuzi ameliwa tena, na safari hii hata wewe unajifuta mdomo.

Hiyo ndiyo hasira yangu, na sitakudanganya kwamba imeisha kwa sababu kesho unaondoka. Hasira haina ratiba ya chuo.

Lakini nimetengeneza ile pikipiki kwa mikono yangu, Njagi akinisimamia na kunitukana, na mikono ikifanya kazi kichwa nacho huwa kinapata nafasi. Tulisafisha habu mpaka chembe ya mwisho. Nilifuta yale meno ya gia ndogo inayozungusha waya. Yalikuwa hayajalika sana, ulikuwa bado hujaniua kabisa. Tukaweka grisi mpya, kidogo. Kebo mpya tukaipitisha taratibu, ipinde kwa upole kama njia ya ng'ombe, maana ikikunjwa kwa ghafla waya unakwama ndani, unajikusanya, halafu unajiachilia kwa kishindo, na huko juu mshale unaruka. Ndiyo ngoma yote niliyokuwa naiona. Waya unaokwama na kujiachilia.

Nilipokuwa nafunga, nilimuuliza Njagi, "Kwa nini hakuniambia tu?"

"Angekuambia saa ngapi?" akasema. "Ukiwa unasoma kilomita?"

Nilimwambia kichwa chake ni boga. Hakukataa.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu kuona ile Jumamosi ya kwanza. Msichana anashuka pikipiki kando ya barabara Kianjokoma, amevaa sketi ya kwaya, ana kisu cha jikoni ndani ya kitabu cha nyimbo (sijui ulikibeba wapi, nakisia), anapiga magoti, anapambana na skrubu. Anaangalia nyuma? Natumaini uliangalia. Ungeniomba bisibisi, Wawira. Ningekupa na nisingeuliza ya nini, ndivyo nilivyokuwa nakuamini. Halafu nafikiria: ungeniomba ruhusa ya kwenda kwa cucu wako, na jibu lingekuwa lipi? Unalijua. Hata ng'ombe analijua.

Na wewe hukuchagua jina lako. Mimi ndiye niliyekupa, kama ilivyo desturi, binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Nimekuita mama tangu ulipokuwa unanikojolea. Mama yako ananiambia cucu akikuona mlangoni hukuita kwa jina lake mwenyewe, "Wawira amekuja kumwona Wawira," kisha anauliza kama mtoto wake anakula vizuri. Mtoto wake ni mimi. Mwanzoni nilidhani mama yako ameniongezea chumvi, kisha nikakumbuka zile ndengu. Nilisema kwa sauti kwamba ni tamu kama za kwetu, ukaniangalia tu, ukaniongezea kijiko. Labda ulikuwa umetumwa. Labda nilikuwa nalishwa na mama yangu, mkono wa mbali, na mimi najisifu kwamba sijakanyaga kwake.

Hilo nalo ni usaliti. Sijui niuite wa nani.

Huko Meru hutanisikia nikikuambia uwe mkweli. Wewe si mwongo wa kawaida, na mimi si askari mzuri. Nitakuambia tu kile nilichokiona mezani kwa Njagi. Mtu akikuletea kidonda atakuonyesha mahali panapotikisika. Usigonge kioo. Inua gurudumu, zungusha, angalia. Na ukikuta mchanga, uliza umetoka wapi kabla hujaufuta. Mimi nilipoteza mvua nzima na rika langu kwa kugonga kioo.

Sasa nikueleze kuhusu kesho, halafu nilale.

Nina deni la mbuzi kwa Njagi. Vijana walisikia, hakuna kona ya kutokea. Na wewe unajua kwamba huku juu hakuna mbuzi. Kuna vitu vyenye pembe vinavyokohoa kwa sababu ya baridi. Mbuzi wa kuchinjia rika hutoka Mbeere. Hilo halina ubishi, hata Njagi atakuambia. Kwa hivyo kesho sitakupeleka stendi ya Embu kama mama yako alivyopanga. Tutafunga sanduku nyuma, tutapita mjini bila kusimama, tutateremka mpaka kule ambako barabara inageuka rangi. Si kwamba naenda kwa Ireri. Naenda kutafuta mbuzi. Kama njia ya kwenda kwa mbuzi inapita mbele ya lango la Ireri, si mimi niliyeichora.

Wewe utaingia umuage mwenye jina lako. Mimi nitabaki kwenye pikipiki. Sijui nitakaa pale kwa muda gani. Sijaahidi kitu, usiende kuwaambia nimeahidi. Kama atatoka mpaka langoni, na magoti yake yale, sitamwacha asimame juani. Nataka kumuuliza kitu kimoja kuhusu kile kiganja. Ama sitauliza. Pengine nitakunywa tu maji nikipewa.

Kutoka hapo Ireri anajua gari gani linakufikisha Meru. Najua kwamba anajua. Mwambie mwenyewe. Bado sijafika mahali pa kumwambia.

Kile kisu nimekinyoosha ncha kwa nyundo, kiko jikoni, mama yako aachwe kulaumiwa. Skrubu ni mpya na nimeikaza mimi. Usiiguse. Nataka mshale usimame wima mbele yetu sote wawili kuanzia langoni hapa mpaka kule, uonyeshe spidi yetu ya kweli, hata ikiwa ni ya mzee mwenye woga. Na kilomita zote zihesabiwe, za kwenda na za kurudi.

Jioni nitafika hapa na mbuzi nyuma mahali pako. Nitamfunga zizini. Kisha, kabla sijavua gambuti, nitainama nisome ile namba, na itakuwa kubwa, na hakuna mtu atakayenishikia tochi.

Njeru,
baba yako, na kwa jina hilo ulilobeba, mtoto wako.